Mama Mkubwa na Taa Inayojiwasha

Bunia, Jumapili jioni. Mvua ilianza wakati wa misa na haijakatika, imepungua tu. Pano ya sola iliyo juu ya bati haikupata jua la maana, batri iko nusu. Sina furaha wala huzuni. Miguu imechoka.

Wenzangu wa kazini waliniomba niandike hapa jinsi mtu asiyejua kitu anavyoweza kujitengenezea nyumba inayojiwasha taa. Nilianza leo asubuhi. Niliandika: kwanza tafuta batri. Kisha nikaona siwezi kuieleza nyumba hii bila kumweleza Mama Mkubwa. Basi maelekezo yataingia humohumo, yatakapopata nafasi.

Mama Mkubwa ni dada wa marehemu mama yangu. Maisha yake yote amelima maharagwe na viazi huko kijijini Bule. Vita vilipofika kwao alikimbia pamoja na majirani, akalala porini, akaingia Bunia kwa miguu, akanikuta hapa mtaa wa Mudzipela. Alikuwa na sufuria moja na jembe lisilo na mpini. Nilijua kwamba Faustin, mwanawe wa pekee, alikufa siku ile. Namna alivyokufa sikuijua. Hapa kwetu hatuulizani hayo. Unaambiwa "alibaki kule", unainamisha kichwa, unaongeza maji kwenye sufuria ya ugali.

Mimi ni mpimaji wa maabara kwenye kituo cha afya. Kutwa natazama damu za watu kwa darubini, natafuta malaria. Nikirudi nyumbani giza limeshaingia, na kuran, yaani umeme wa mji, inakuja inapotaka yenyewe. Jioni moja nilimkuta Mama Mkubwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma, ameshika kifundo cha mkono. Alikuwa anakwenda chooni, hakuiona ngazi. Alisema si kitu. Mkono ulikuwa umevimba kama kiazi.

Ndipo nikaanza.

Vitu nilinunua kwa Kasereka, mfanyabiashara aliyehama kutoka Butembo, mwenye kibanda cha vifaa vya simu na redio hapa mtaani. Aliniuzia kibao kidogo cha WiFi kinachoingia kwenye kiganja, rilei ya kufungua na kufunga njia ya umeme, na kile anachokiita jicho, yaani kifaa kinachohisi joto la mwili unaotembea. Mengine nilijifunza kwa video, kwa subira, maana intaneti yetu nayo ina tabia zake.

Kwa anayeanza: anza na volti kumi na mbili za batri, usiguse umeme wa nyumba. Waya zote hasi zikutane mahali pamoja, la sivyo utakaa siku nzima unashangaa kwa nini hakuna kinachosikilizana. Na kibao hakili volti kumi na mbili. Kinataka tano, kwa hiyo weka kipunguzi katikati. Kibao cha kwanza nilikiunguza. Kilitoa moshi mwembamba na harufu ya kucha iliyochomwa, basi, kikawa kimekufa.

Cha pili kilifanya kazi. Mtu akipita uani, jicho linamwona, kibao kinaamuru rilei, taa inawaka juu ya mlango wa nyuma, kisha inazimika yenyewe. Na mimi kazini napata ujumbe kwenye simu: mwendo uani.

Hiyo sehemu ya ujumbe haikuwa lazima. Niliiongeza kwa sababu iliwezekana. Na niliipenda. Katikati ya damu ya mtu mmoja na ya mwingine naangalia simu, najua Mama Mkubwa ametoka, najua amerudi. Nilikuwa naita hilo kumtunza.

Yeye hakusema kitu kuhusu taa. Nilidhani amezoea.

Jumatano jua lilipozama nilikuwa bado kazini. Simu ikaleta ujumbe: mwendo uani. Ukaja mwingine. Ukaja mwingine tena, mfululizo, kama watu wanaopita mmoja nyuma ya mwingine. Halafu ukimya. Nilipojaribu kukiita kibao, hakikujibu. Wiki ile watu walikuwa wakisema kwamba wenye silaha wameonekana karibu na mji. Watu husema hivyo mara nyingi, na si mara zote wanakosea. Nilimwachia mwenzangu damu zilizobaki, nikapanda moto-taxi. Njiani sikusali. Nilihesabu tu vitu vinavyoweza kuharibika kwenye mtambo, nikitafuta hitilafu isiyo na mtu nyuma yake.

Nyumba ilikuwa nyeusi. Mlango umefungwa kwa ndani. Niliita jina langu mwenyewe, Mado, Mado, mpaka akafungua.

Alikuwa ameketi sakafuni jikoni. Makaa ya mbabula, jiko letu dogo, yamemwagiwa maji, maharagwe yako nusu mbichi. Waya unaolisha taa na kibao ulikuwa umekatwa kwa kisu cha mboga. Volti kumi na mbili hazimuui mtu. Ndiyo sababu nasema tuanze nazo. Uani alikuwamo mbuzi wa jirani, amekimbia kamba yake, anazunguka anakula maganda. Ndiye aliyekuwa akiwasha taa.

Nilimwonyesha yule mbuzi. Nilimweleza kwamba jicho halijui mtu na mnyama, kwamba ninaweza kulirekebisha. Nilisema pia kwamba Bunia si Bule, kwamba hapa kuna askari barabarani.

"Hata kule balikuwako," alisema.

Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, huku akiokota makaa yaliyolowa na kuyarudisha kwenye mfuko.

"Siye yote tulizima moto. Mutaa muzima ukakuwa giza. Faustin alikuwaka na taa ya jua ku mulango, aliiweka kusudi batoto basome. Tulikuwa tumesha kufika mu shamba ya mihogo. Akageuka, akaona taa yake peke yake inawaka. Akaniambia, mama, ile taa itatuonyesha. Akarudi kuizima."

Aliokota kaa jingine.

"Aliizima. Miye niliona imezimika. Yeye hakutoka."

Nilikaa sakafuni karibu yake. Alipomaliza makaa aliuliza, kwa sauti ileile ya mtu anayeulizia chumvi:

"Mado, taa yako inajiwasha yenyewe. Nani atarudi kuizima?"

Alhamisi nilipotoka kazini hakuwapo. Mama wa jirani, mwenye mbuzi, aliniambia ameondoka asubuhi na sufuria yake, amekwenda kwenye kambi ya waliokimbia vita, kwa wanawake wenzake wa Bule. Kule hakuna taa. Kuna turubai, tope, na kikohozi ambacho nakijua vizuri maana kinaletwa kwetu maabara. Na makambi nayo yamewahi kushambuliwa huku mkoani Ituri. Mama Mkubwa anayajua hayo kuliko mimi. Alichagua hivyo hivyo.

Nyumba ilikuwa tulivu. Niliunganisha tena waya, sijui kwa nini. Nilipita uani, taa ikawaka, simu ikalia mfukoni mwangu kuniambia kwamba niko uani.

Nikaizima taa.

Ijumaa nilikwenda kwa Kasereka. Nilimweleza kwa kifupi. Nilitarajia ushauri wa kifundi. Alikuwa anafungua redio, hakuinua macho.

"Toa hiyo taa," alisema. "Muzee anaogopa, na weye unabishana."

"Ataanguka tena."

"Ataanguka." Akapuliza vumbi ndani ya redio. "Miye ku nyumba yangu taa inawaka mupaka asubuhi. Muke yangu analalamika, batri inakufa. Lakini kwetu benye silaha balikuya mu giza. Yeye, kwao balifuata taa. Kila mutu na woga ya kwenye alitokea."

Niliondoka na rimoti ndogo ya vitufe viwili, ile wanayotumia kufungia milango ya magari, na kipokezi chake. Jioni ile niling'oa jicho ukutani. Taa ya juu ya mlango nayo niliishusha. Badala yake niliweka taa ndogo chini, usawa wa kifundo cha mguu, moja kwenye ngazi na nyingine kwenye njia ya chooni, kila moja nimeifunika kwa kipande cha kopo la maziwa ili mwanga uanguke ardhini tu. Programu niliiandika upya na ikawa fupi kuliko ya kwanza. Kitufe cha juu: njia inawaka, na kikibonyezwa tena taa za ndani zinarudi. Kitufe cha chini: kila taa ya nyumba hii inazimika, hata ya chumbani kwangu, na haiwaki mpaka kitufe cha juu kibonyezwe. Hakuna kinachojiamulia chenyewe.

Niliwasha njia, nikatoka barabarani, nikageuka kutazama. Hakuna kilichoonekana.

Jana nilikwenda kambini. Mama Mkubwa alikuwa ameketi kwenye gunia mbele ya turubai la rafiki yake, wanachagua maharagwe. Mkono bado haukunjiki vizuri, alikuwa anachagua kwa kushoto. Nilimsalimu, nikawasalimu wenzake, nikapewa nafasi kwenye gunia. Nilimwekea rimoti mkononi nikamweleza. Aliisikiliza habari yote. Hakuniuliza inafanyaje kazi. Aliuliza kitu kingine.

"Nikienda ku choo, inakuambia ku telefone yako?"

Sikuwa nimemwambia kamwe kuhusu zile jumbe. Lakini wiki moja nyuma nilimuuliza kama tumbo linamsumbua, kwa kuwa alikuwa ametoka mara nyingi. Alikuwa amelikumbuka swali hilo na kulitafutia maana yake.

"Ilikuwa inaniambia, Mama Mukubwa."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Wale wanawake wengine waliendelea na maharagwe. Mmoja alihama kidogo, kutupa nafasi ya kuzungumza, ingawa hapakuwa na pa kuhamia.

"Miye si mugonjwa ya ku labo yako," alisema.

Nilitaka kumwambia nilivyopanda ile moto-taxi Jumatano. Nilitoa simu, nikamfungulia ukurasa wa jumbe, nikazifuta mbele yake, kisha nikaondoa simuni ile programu iliyozileta. Hasomi, lakini alitazama mpaka mwisho. Aliifunga rimoti kwenye ncha ya kitenge chake, pale anapofunga hela za sokoni.

"Nitakuya kuona," alisema. "Kuona tu."

Leo alikuja baada ya misa, amelowa, amejifunika sufuria kichwani. Niliandaa meza. Hakuingia. Alisubiri kwenye veranda ya mama wa jirani mpaka giza likaanza kushika, kisha akatoka, akasimama barabarani kwenye mvua na kuniamuru nikae ndani.

"Washa zote," alisema kutoka nje. Nikawasha zote, chumbani, sebuleni, jikoni.

Zikazimika. Alikuwa amebonyeza yeye.

Sikumsikia tena kwa muda. Nilikaa pale nilipokuwa, katikati ya sebule, nikishika mgongo wa kiti. Nilifikiri labda ameondoka. Nilifikiri nimwite, nikaona nisimwite. Baadaye kwenye dirisha la nyuma nikaona mwanga hafifu umelala kwenye matope kama maji, na miguu yake miwili ndani ya sandali za plastiki inapita, polepole, mpaka chooni. Kisha ikarudi. Kwenye ngazi alisimama kidogo, akapima kwa unyayo, akapanda.

Hakuanguka. Ndicho tulichotaka.

Tulikula. Hakusifu taa, alisifu sombe, yale majani ya mihogo niliyopika. Alisema matundu ya bati yangu ni mengi kuliko ya turubai la kambini, na kwamba maharagwe aliyoyaacha Jumatano sikupaswa kuyatupa, yangeiva tu. Hakusema kama atabaki. Lakini sufuria yake imeoshwa na imewekwa kifudifudi kwenye rafu yangu, karibu na zangu.

Katikati ya kula ilipita pikipiki barabarani, ikapunguza mwendo karibu na lango letu. Mkono wa Mama Mkubwa ulikwenda kwenye ncha ya kitenge. Nyumba yote ikawa giza, na mimi nina tonge mkononi. Ile pikipiki ilikaa pale, injini inanguruma, mtu akamwambia mwenzake kitu nisichokielewa, kisha ikaondoka. Nilisikia Mama Mkubwa akipumua. Naye bila shaka alinisikia mimi.

Hakuwasha mara moja. Sikumwambia awashe. Ni mara yangu ya kwanza kukaa naye katika giza lile, na niligundua kwamba halinitishi kama nilivyodhani. Unasikia mvua, unasikia watu wa nyumba nyingine, unajua mwenzako yuko wapi bila kuambiwa na kitu chochote.

Kisha akawasha mwenyewe, akaninyooshea bakuli.

Sasa amelala, au amejilaza. Naandika kwa mwanga wa simu, sauti imefungwa. Wenzangu wa kazini, samahani, maelekezo hayakukamilika. Mwenye swali kuhusu waya aje aniulize maabara.

Kesho nakwenda kazini na simu ambayo haitaniambia lolote kuhusu nyumba hii. Damu za watu zitakuwa pale mezani, jua litazama, na yeye, akibaki, atakuwa huku peke yake na vitufe vyake viwili. Nitaweza kukaa bila kujua?