Mifupa ya Mguu wa Kushoto

Kitengela, Jumapili

Mpendwa Baba Akeyo,

Tunakusalimu. Mvua imenyesha, tangi limejaa, na Akeyo ameng'oka jino la mbele.

Programu uliyonitumia ili nijionee kazi yako nimeifungua kwenye kompyuta ya shule. Inastahili heshima. Nilimzungusha yule mwanamke wa kale mliyemfukua huko Magadi, mifupa yake yote ikaonekana mbele na nyuma kana kwamba amesimama hewani. Akeyo akaniuliza, "Mama, kwani huyu ndiye baba anakaa naye?" Nikamjibu, "Huyu ni wa kazi."

Hukuniambia kwamba ukibonyeza mfupa, programu hutaja walioupima na siku waliyoupima. Nimebonyeza yote. Kila mfupa una majina mawili, lako na la Nasike, yule dada unayefukua naye. Mguu wa kushoto mliupima Jumamosi, tarehe kumi na mbili Aprili, tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ndiyo siku tuliyomzika mama yangu, nawe ukapiga simu kusema homa imekulaza kitandani.

Sidai kwamba mlifanya zaidi ya kazi. Nasema tu kwamba siku ile mguu wa marehemu huyo wa Magadi ulikuwa na watu wawili wa kuushika, nami pale kaburini nilishikwa mkono na jirani.

Jumamosi ijayo nitashuka Magadi. Mifupa nimekwisha kuiona. Nakuja kumwona Nasike, naye anione.

Mkeo wa ndoa,
Immaculate