Kidole cha Koleo

Chumba cha mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua goti lako linaendeleaje, na kama mama mdogo bado anakohoa. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, lakini mgongo wa kibarua usipolalamika ujue umeshakufa.

Dada, kuna jambo limenikaba. Nakueleza wewe uliyenilea, maana uongo wangu uliujua tangu nina meno ya utoto.

Mwaka jana walifunga mashine ya vidole getini. Unabonyeza, taa ya kijani inawaka, umehesabiwa umefika. Kwangu haikuwaka. Miaka kumi na moja ya zege imekula alama zote, vidole vyangu ni laini kama chupa. Msimamizi akasema asiyesomeka hana kazi. Basi Koleo, fundi umeme niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja, akaniambia, "Ndugu yangu, kidole ni kidole. Mashine haiulizi cha nani." Akaandikisha kidole chake kimoja kwa jina langu. Kila asubuhi akawa anabonyeza mara mbili, chake na "changu". Wenzetu wakaniita Mpangaji, eti nimepanga kwenye mkono wa Koleo. Tulicheka sana.

Sasa hatucheki. Serikali ya huku imetoa sheria: kila mgeni akathibitishe kidole chake ofisini kabla ya mwezi kwisha, la sivyo kibali kinafutwa na anarudishwa kwao. Alama za vidole za getini zimeshapelekwa huko. Na Koleo amehamia mji mwingine wiki iliyopita. Nikienda na kidole changu, nitaonekana mwizi wa jina langu mwenyewe. Waliotunga sheria hii nadhani hawajawahi kushika karai.

Nilimwuliza mama mmoja wa ofisini, bila kujitaja, mtu asiyesomeka afanyeje. Hakuinua macho. Akasema alete barua ya ndugu wa damu yenye muhuri wa ofisi ya kwao, ikitaja alama iliyo mwilini mwake. "Lakini kwanza aseme kilichotokea."

Wenzangu wananishauri nimfuate Koleo akabonyeze tena. Nimekataa. Si ushujaa, Dada, nimechoka kupanga.

Kesho naenda kusema. Huenda wakanipa siku za kusubiri barua yako, huenda wakanipakia garini hapo hapo. Wewe ukiipata hii, usingoje goti lipoe. Nenda uandikishe kwamba mdogo wako ana kovu chini ya kidevu, la siku uliyomtupia mwiko kwa kulamba sukari. Taja na mwiko. Usione haya.

Miaka yote umeniomba radhi kwa kovu lile. Acha sasa. Kwenye mwili huu, ndilo pekee ambalo kazi haijalifuta.

Msalimie shemeji, mama mdogo na wanao wote. Mungu awafunike.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, uliyemtia alama.