Kikombe cha Mama Resiato

Nangara,
Babati, Manyara.
17 Februari 2013

Mpendwa mdogo wangu Salme,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute na afya, na goti lako liwe limepata nafuu kwa ile dawa ya kuchua. Na shemeji Luqmani, je, kifua kimetulia? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua imetutembelea mara mbili tu, lakini chakula kipo.

Riwaya uliyonitumia kwa basi ilifika. Kwa kuwa macho yangu hayastahimili tena maandishi madogo, mjukuu wetu Rahma alinisomea uani kila siku baada ya sala ya alasiri. Uliandika kwamba ilikuliza. Mimi imenikasirisha, na hasira hiyo imefika hadi kwako. Nivumilie.

Unamkumbuka yule mwanamke mweusi, mpishi, anayekanda mkate wa nyumba nzima ya wazungu, na mkate ukishafika mezani haruhusiwi kuugusa? Chakula chake anakula nyuma ya nyumba, katika bakuli lililotiwa alama. Rahma alipofika hapo, Mama Resiato alikuwa karibu nasi akichambua maharage. Ni yule Nkamasiai, Mmaasai wa Kiteto, ambaye huu ni mwaka wa kumi na moja anatufanyia kazi. Alicheka kidogo.

"Mzee, hao wazungu walikuja kujifunza hapa Nangara?"

Rahma akafunga kitabu. Mimi nikatazama ukuta wa jiko, ambako kikombe chake chekundu cha bati kilining'inia msumarini, mbali na vyetu.

Salme, nimefundisha madrasani mlango wa tohara, yaani usafi wa ibada, miaka thelathini. Nimewakaririsha watoto wa watu kwamba mate ya mwanadamu, awe wa dini yoyote, si najisi. Maji ya udhu wangu huyateka mama huyu kwa mikono yake. Na bado kikombe chake kilitengwa, kwa kisingizio kwamba watu wa kwao hunywa damu. Wala nisimsingizie marehemu mke wangu: msumari ule niliupigilia mimi. Wale wa kitabuni walau hawakuwa wamesoma nilichosoma. Nitaulizwa na Mola kwa hilo.

Sasa nije kwako. Katika ukurasa wa mwisho wa kitabu hicho hicho kilichokuliza, uliweka kikaratasi. Ulirudia ombi lako la awali, kwamba Resiato, binti wa mama huyu, aliyemaliza kidato cha nne, aje Tanga akufanyie kazi. Ukaongeza, kwa mwandiko wako mzuri, kwamba aje na sahani na kikombe chake, asichanganye na vya wanao. Rahma alipofunga kitabu siku ile kilidondoka, akakisoma kwa sauti kabla sijamzuia. Mama mtu alikuwepo.

Uliwezaje? Machozi uliwapa wanawake wa ng'ambo ambao hutawaona kamwe, na huyu wa kwetu ukamwandalia bakuli lenye alama. Machozi ya namna hiyo hayamtakasi mtu.

Resiato haji. Nguo zake zilikwisha kufungwa, kwa kuwa mama yake aliniamini niliposema kwamba anakwenda kwa watu wema. Ilibaki kidogo tu nimtoe kwa mkono wangu.

Nilimwomba Mama Resiato radhi, nikamwambia kuanzia siku ile anywe kwa vyombo vyetu. Alimaliza maharage, akanawa mikono, akakitungua kikombe, akakiweka juu ya kitabu.

"Binti haendi," alisema. "Lakini dada yako ameomba kikombe. Mpelekee, asikose."

Kuhusu radhi hajasema neno hadi leo, nami sina haki ya kuidai. Msumari nimeung'oa. Tundu lake nimekataza lisizibwe.

Kikombe kimo katika kifurushi hiki, pamoja na kitabu chako. Usikitupe, wala usikifiche kabatini. Kinywee chai, wewe mwenyewe, mbele ya wanao, na wakikuuliza ni cha nani, waambie.

Nisalimie sana shemeji, na Muzamil na Sabrina. Waambie mjomba wao anawaombea kila alfajiri. Mwenyezi Mungu atusamehe, wewe na mimi, kabla hatujalazwa katika nyumba zile ambazo hakuna aendaye na chombo chake.

Kaka yako akupendaye, na aliyekukasirikia kwa kuwa anakupenda,

Alawi