Jibini Uliyokuwa Ukiigonga

Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko huna haja na habari za tumbo langu, lakini hii utaipenda, maana wewe ndiye uliyenifundisha kugonga jibini.

Unakumbuka chumba chetu cha jibini hapa Gare, baridi mpaka kwenye mifupa? Ulikuwa unapita rafu kwa rafu, unagonga kila jibini kwa kidole, halafu unatega sikio. "Tulia, inasema." Iliyopasuka ndani uliijua bila kuikata. Mimi nilisikia ko, ko, ko, zote sawa.

Basi baada ya Pasaka nikaanza kuumwa palepale ulipokuwa unashika wewe, chini ya kifua, maumivu yanapenya hadi mgongoni. Macho yakawa ya manjano. Mama aliponitazama akatoka nje. Niliogopa, Baba. Nilijua anawaza kongosho, maana ndilo madaktari walilokisia ulipokwisha kufariki, baada ya miezi ya kukupa dawa za vidonda vya tumbo.

Nikapelekwa Dar. Huko wanakupitishia kooni mpira mwembamba wenye kamera, na kwenye ncha yake kuna ultrasaundi ndogo. Ile ya kupaka mafuta juu ya tumbo huzuiwa na hewa iliyomo tumboni. Hii inaingia mpaka ndani, jirani kabisa na kongosho na mrija wa nyongo. Inatuma sauti, kisha inasikiliza inavyorudi. Kabla hawajanipitishia nikamwambia daktari, "Kumbe na nyie mnagonga jibini!" Akadhani dawa ya usingizi imeshanikolea.

Unanijua kwa maswali. Kesho yake nikamkuta kijana wa kampuni inayouza mashine hiyo, amekuja kufundisha wauguzi. Nikambana. Akasema oda zinaongezeka, hospitali ambazo zamani hazikuitaka sasa zinaitafuta, watu wamechoka kusafiri hadi India. Nikauliza, imekuwepo tangu lini? "Muda mrefu, mama. Ni huku tu ilikuwa haijafika."

Yaani ulipokuwa unajikunja kitandani, mashine ilikuwepo duniani, inauzwa. Hilo liliniuma kuliko tumbo.

Kwangu wamekuta jiwe dogo kwenye mrija wa nyongo. Wamelitoa. Macho yamekuwa meupe, na Mama ameanza tena kuimba jikoni.

Ila swali limenibakia: vipi kama na wewe lilikuwa jiwe tu? Ulisikiliza kila jibini ya chumba kile, na tumbo lako hakuna aliyelisikiliza.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, yeyote wa nyumba hii atakayeshika tumbo namna ile, sitakubali ameze dawa za kubahatisha. Nitampeleka mwenyewe akatazamwe ndani.

Jana niligonga rafu nzima. Moja ilisema. Nilipoikata, ilikuwa imepasuka.

Mwanao,
Ester