MAELEZO KUHUSU MAJIBU YA MAABARA YALIYOKWAMA KWENYE SEVA YA BARUA PEPE

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Umri: miaka 43. Kazi: fundi wa kompyuta, hospitali. Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya hospitali.

Mnamo tarehe 14 Machi, siku ya Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuta barua pepe za hospitali zimekwama. Kila barua inapopita, seva, yaani kompyuta inayozisambaza, hufungua mafaili, na yetu ilikuwa na kikomo cha mafaili 1,024 kwa wakati mmoja. Kikifikiwa, barua mpya husubiri foleni, na aliyetuma haoni dalili yoyote.

Saa tatu kasorobo nilipandisha kikomo hadi 65,000. Niliandika amri kwenye dirisha la kompyuta yangu, nikaiuliza kikomo ni kipi, ikanijibu 65,000. Nikaridhika. Amri ile hubadilisha dirisha lile tu na programu zitakazowashwa kutoka humo. Programu ya barua ilikuwa imewaka tangu wiki iliyopita, kwa hiyo ilibaki na kikomo cha zamani. Ilitakiwa niizime na kuiwasha upya, kazi ya dakika mbili. Sikufanya hivyo. Nina miaka kumi na tisa kazini; angekosea hivyo mwenzangu, ningemcheka wiki nzima.

Saa nne na dakika kumi mtaalamu wa maabara, ambaye ni mke wa kaka yangu, alimtumia daktari majibu ya damu ya mgonjwa wa kitanda cha tisa. Yalionyesha kuwa dawa anayochomwa inamharibia figo. Majibu hayasomwi kwa simu. Mganga mkuu alipiga marufuku kwa sababu tarakimu zilikuwa zinakosewa.

Saa nne na nusu shemeji alinipigia. Alisema, "Shem, barua zangu zinafika kweli? Daktari yuko kimya. Au niyapeleke kwa mguu?"

Nilimjibu, "Zinafika. Nimeshatengeneza. Acha kuzurura, fanya kazi."

Alicheka. "Haya, bwana mkubwa." Akakata simu.

Mgonjwa alichomwa sindano nyingine ya dawa hiyo saa sita mchana. Alifariki saa tisa na dakika ishirini. Saa kumi muuguzi alikuja kulalamika kuwa barua hazifiki, ndipo nikaiwasha upya programu ya barua, na majibu yakamfikia daktari papo hapo. Yalikuwa yamekaa foleni kwa muda wa karibu saa sita.

Shemeji alikamatwa jana kwa kosa la kukalia majibu. Kaka alikuja kwangu akasema, "Wewe ndiye unayejua hizo kompyuta. Kamsemee mke wangu." Sikuweza kumtazama usoni.

Nimeulizwa kama namkingia kifua kwa kuwa ni ndugu. Simkingii. Afande amenisomea maelezo aliyoyatoa shemeji. Amesema alituma, basi. Simu aliyonipigia hakuitaja, ingawa ndiyo ingemtoa. Naitaja mimi: alitaka kuyapeleka kwa miguu yake, nikamzuia.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Nimesomewa yote, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo yamechukuliwa nami, askari mpelelezi, kituoni, tarehe 17 Machi, saa nne na nusu asubuhi. Baada ya kusaini, shahidi aliuliza kama shemeji yake ataenda nyumbani leo. Nimempa onyo la kisheria. Mahojiano yataendelea akiwa mtuhumiwa.