Mwanga Uliokufa Upesi: Mlipuko wa Tangi Namba Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake. Mwanamke, miaka 43. Kazi: fundi wa vipimo, kiwanda cha rangi. Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda.

Ninasimamia kipimo cha mvuke. Ni uzi wa faiba, mwembamba kama unywele, wenye kioo kila mwisho. Mwanga ukiingizwa humo hupiga huku na huku mara nyingi sana. Mahali pamoja pameachwa mwanya, panapita hewa inayovutwa kwa bomba kutoka tangini. Hewa ikiwa safi, mwanga hukawia kufa. Ikiwa na mvuke wa thina, kile kiyeyusha rangi kinachoshika moto haraka, mvuke huo huumeza mwanga, nao hufa upesi, na king'ora hulia.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, fundi wa kuchomelea tunayemwita Cheche aliingia tangi namba tatu kuziba ufa. Tangi lilikuwa limeoshwa jana yake. Kabla hajawasha, kipimo kililia. Nilirudia kupima, jibu likawa lile lile. Nikakimbia kumwita. Alitoka akicheka, akasema, "Dada, leo umeninyima hata jasho."

Msimamizi wa zamu akaja. Huyu ni mdogo wa mume wangu. Nilimwambia kuna thina imebaki chini ya kutu. Akasema, "Shemeji, hicho kidude chako juzi kililia bure, nikatukanwa mimi." Ni kweli, kililia bure, kioo kilikuwa na vumbi. Nikamwambia safari hii nimekisafisha mwenyewe. Akasema pua yake hainusi kitu. Nikasema pua huzoea. Akachomoa waya wa king'ora.

Cheche alikataa kurudi ndani. Alisema roho haina spea. Wakatupiana maneno, watu wakaacha kazi kutazama. Nadhani hapo ndipo shemeji aliposhindwa kurudi nyuma. Alimpokonya Cheche miwani na kishikio cha kuchomelea, akaelekea kwenye ngazi. Nilimshika shati. Akasema, "Usiniaibishe mbele za watu." Nikamwachia.

Sauti ya mlipuko ilikuwa fupi, kama mlango mzito uliobamizwa. Cheche ndiye aliyeingia kumtoa, ndiyo maana ameungua mikono. Shemeji alifariki hospitalini siku ya pili.

Nimesikia Cheche yuko rumande, eti alichomelea bila ruhusa kisha akakimbia. Si kweli. Hakuwasha chochote. Jana mama mkwe alinijia jikoni, akasema, "Mwanangu, marehemu hasemwi. Sema mashine ilinyamaza." Nikamjibu, "Mama, aliye hai amefungwa bendeji mikono yote miwili, na bado amefungiwa." Aliosha vyombo vyangu vilivyobaki, akaenda zake.

Kuna jambo moja naomba liandikwe pia. Cheche alimfuata hadi kwenye ngazi kumsihi. Shemeji aligeuka, akamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe kaa kule mbali, bwana." Akangoja mpaka sote tukasogea ukutani. Ndipo akaingia.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, na sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali kuwa ni sahihi. Aliomba nimsomee tena pale shemeji yake alipongoja watu wasogee. Nilimsomea. Alisema, "Ndivyo ilivyokuwa," akatia sahihi.
Sajenti wa zamu.