Kinachofuata Baada ya Njema

Mbeya, Ijumaa baada ya swala

Mama yangu,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na Bibi pia. Natumai mguu wake umepoa, na mpunga umeanza kutoa masuke. Kwa desturi hapa ningeandika kwamba mimi huku ni mzima na wasiwasi wangu ni juu yenu tu. Leo nairuka sentensi hiyo, na sababu yake utaiona. Soma barua hii ukiwa peke yako dunguni, ndege wakikupa nafasi.

Unakumbuka ile siku uliyonikuta nabadilisha nguo, ukaiona mikono yangu. Ukaniuliza nani kanipiga. Nikakujibu kwamba nimechubuliwa na mikoko nilipokwenda kutafuta kaa. Ulinishushia mikono ya gauni ukatoka, nami nikajua hukuniamini. Mjomba akaleta fundi wa kupunga pepo, ngoma ikapigwa siku tatu, mbuzi akachinjwa. Jini hakupanda, Mama, kwa sababu hakuwepo. Nilikuwa najiumiza mwenyewe. Sikutaka kufa, nilitaka tu moyo uninyamazie kidogo. Nisamehe kwa ule uongo wa mikoko.

Huku Mbeya niliendelea vilevile, hadi msimamizi wetu pale kazini tunaposhona sare akagundua. Hakusema neno mbele ya watu. Kesho yake alinisindikiza mwenyewe hospitali, na huko nikakutana na Dada Neema, mtaalamu wa saikolojia. Nilijiandaa kukemewa au kuonewa huruma, na yeye hakufanya hata kimoja. Aliniuliza maswali, akasikiliza, akaniambia tatizo langu lina jina na lina tiba. Ni tatizo la haiba, yaani la namna nafsi ya mtu ilivyojengeka. Mwenye nalo hisia zake hupanda haraka, hushuka polepole, na hofu ya kuachwa humtawala. Nilihisi kama ametuchungulia nyumbani tangu Baba alipoondoka.

Tiba yenyewe ni kuzungumza na kujifunza. Mara moja kwa wiki nakaa naye peke yangu, na siku nyingine tunakuwa kikundi cha wanawake sita. Mmoja ni mwalimu, Mama, ana gari lake, na mikono yake ni kama yangu. Tunafundishwa namna ya kustahimili saa mbaya bila kuifanya iwe mbaya zaidi. Nikiteleza nikajiumiza, Dada Neema hanigombezi. Tunarudi nyuma pamoja hatua kwa hatua, jinsi ninavyofumua mshono kutafuta uzi ulipokatikia.

Halafu kuna kadi. Kila siku naandika hamu ya kujiumiza ilifika wapi, kutoka sifuri hadi tano. Wiki tatu za mwanzo nilijaza sifuri tupu. Dada Neema akaiweka mezani, akaniuliza, "Zuhura, hii ni kadi au ni salamu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kwetu mtu akikuuliza habari unaanza na njema. Hata kama nyumba imeungua, unasema njema, kisha unasema ila. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Basi mimi nijazie ile inayokuja baada ya ila."

Nilijaza siku hiyohiyo, nne. Kabla ya hapo sikuwahi kumwambia mtu yeyote ukweli huo.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie. Jumamosi iliyopita mchana, Tumaini ninayepanga naye chumba aliniambia anahamia kwa dada yake. Alisema kwa wema kabisa, ila mimi nilichosikia ni kwamba naachwa tena. Alipotoka tu, ile hamu ikapanda hadi tano. Dada Neema alishanifundisha nimpigie simu kabla ya kujiumiza, si baada. Nikapiga. Hakuniuliza mengi. Akaniambia nitie uso kwenye maji ya baridi, na maji ya Mbeya unayasikia tu, hayana utani. Kisha nikae karibu na watu, nitaje ninachohisi kwa jina lake, nisiifukuze ile hamu wala nisiitii.

Nikaenda kukaa barazani kwa mama mwenye nyumba, anachambua maharage, nami nikachambua. Ndani yangu nikasema, hii ni hofu ya kuachwa. Ikapanda, ikanibana kifua, ikakaa. Kisha, Mama, ikashuka. Kwa muda wa chungu cha wali kuiva, ikashuka yenyewe, na mimi sikufanya kitu. Miaka yote hii nilidhani kile kitu hakina mwisho mpaka nijiumize. Nilibaki na maharage mkononi nimeduwaa, machozi yananitoka, nasema Subhanallah, kumbe kina mwisho. Mpaka leo bado nashangaa.

Sijapona kabisa, nisikudanganye tena. Mwezi uliopita niliteleza mara moja. Lakini zamani nilikuwa simalizi hata wiki bila kujiumiza, sasa wiki zinapita.

Nataka kuja wakati wa mavuno, na hapo ndipo ninapoogopa. Naogopa nikifika nitarudia kusema njema, nikaishi ndani ya njema hiyo mpaka nikajiumiza. Dada Neema aliniuliza nani kule anaweza kunisaidia. Nikakutaja wewe.

Msalimie Bibi, na dada yangu Mwajuma na wanawe. Mjomba mwambie simlaumu, alifanya kwa mapenzi, na yule mbuzi alikuwa mtamu.

Kwako nina ombi moja. Nikishuka kwenye boti utaniuliza habari za safari, nami nitakujibu njema, maana ulimi umeshazoea. Tafadhali usiniache hapo. Nishike mkono uniulize mara ya pili. Nitakujibu kweli, Mama, hata kama ni nne.

Mwanao,
Zuhura